Kati ya Granville na Bahari

Mlango wa chumba cha kufulia ulifunguka, na aliyesimama pale hakuwa Ineza.

Alikuwa Mama Chibalonza mwenyewe. Brashi ya rangi mkononi, kitambaa kichwani, macho kwenye simu ya Goreth.

Ewe uliyejiunga nasi leo, ushike haya tu. Goreth, mume wake Rénovat na binti yao Ineza wamehama kutoka Wagga Wagga, mji wa bara, kuja Sydney. Tangu wafike wanalala sebuleni kwa Mama Chibalonza, pale Granville. Nyumba ya jirani iko tupu. Mama huyo ameiwekea mkono kwa mwenye nyumba miezi mizima ili awape wao; imebaki wakala kusema ndiyo. Na Goreth, bila kumwambia, ameomba nyumba nyingine. Mbali. Kule Dee Why, ufukweni.

"Unasema na nani umejificha humu kama panya?" akauliza Mama Chibalonza.

Sauti ya wakala wa nyumba ilikuwa bado inatoka simuni, kwa Kiingereza cha mbiombio: hongera, mmekubaliwa, funguo mje kuchukua leo. Goreth akakata simu.

"Ni... ni wakala, Mama."

"Wa nyumba?"

"Wa nyumba."

"Wamekubali?"

Hapo, msomaji, ndipo ilipokuwa nafasi yake. Neno moja lingetosha: *siyo hii*. Goreth alilipata, likafika hadi ulimini. Akalimeza.

"Wamekubali."

Brashi ilianguka. Vigelegele vilipasuka mle chumbani mpaka mashine ya kufulia ikaonekana kama inacheza. Mama Chibalonza alimkumbatia, rangi ikampaka Goreth begani, na kabla hajajifuta mama yule alikuwa ameshabonyeza simu yake na kuwatumia ujumbe wa sauti wanawake wote wa kanisa:

"Bamama, musikie! Nyumba imepatikana! Mutoto yangu anaingia leo! Leo napika moto wa kwanza! Viti, Balagizi ana gari, atapita kuvichukua. Alleluia!"

Goreth alipiga magoti kufuta rangi sakafuni. Alifuta hata pale ambapo haikudondoka.

*

Moto wa kwanza. Nisikupite mbio, maana jambo lote limesimama hapo.

Siku Goreth na mama yake waliposhushwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mvua inanyesha, walikuwa hawamjui mtu. Mkongo mmoja kutoka kibanda cha pili akaja na makaa juu ya kipande cha bati, amekifunika kwa sufuria yasizimike. Ndiye Chibalonza. Katika kijiji chao cha kambi ndivyo ilivyokuwa: mgeni hawashi moto wake wa kwanza kwa kiberiti. Anapewa na jirani. Aliyekupa makaa ni ndugu yako, hata kama hamna lugha moja wala nchi moja. Mama yake Goreth alipofariki, hakuna aliyeuliza mtoto atakula wapi: alikula kwa Chibalonza.

Granville hakuna makaa, kuna majiko ya umeme. Basi desturi ikajikunja ikapita mlangoni: jirani anakuja kusonga ugali wa kwanza kwenye jiko lako jipya. Kabla hajasonga, hulali humo.

Sasa huyo ndiye mama ambaye Goreth amemdanganya.

Na kwa nini? Goreth mwenyewe amejiuliza. Dee Why hana ndugu. Hana kanisa. Kuna nyumba ya kulelea wazee iliyompa kazi, anaanza Jumatatu. Lakini watu wengi wa Granville wanasafiri treni na mabasi kwenda kazini na hawafi.

Ni kwamba siku ya usaili alikwenda na Ineza, na baada ya usaili wakashuka hadi mchangani. Mtoto akavua viatu, akakimbia, akasimama, akauliza kwa Kiingereza chake cha shule ya chekechea, "Mummy, hii ni ya nani?"

"Ya watu wote."

"Na sisi?"

Goreth aliokota viatu vya mtoto. Kambini alipangiwa zoni na kijiji. Wagga alipangiwa na ofisi. Granville alipangiwa na upendo. Alitaka mara moja tu maishani mwake asimame mahali na kusema: hapa.

Ni kosa hilo? Mwenyewe aliona ni kosa. Ndiyo maana alijificha.

*

"Hodi hapa kwa wenye bahati!"

Balagizi alikuwa amefika. Mtu mrefu wa Bukavu, baba wa watoto sita, barakoa iko kidevuni. Nyuma ya gari lake kulikuwa na viti vya plastiki na kitanda kidogo cha mbao, kimepakwa rangi ya samawati.

"Mama Ineza, uliniibia nyumba," akasema akicheka, "sasa nimekuletea na kitanda, ukiibe kabisa tumalize."

"Papa Balagizi..."

"Hapana, chukua. Nilikitengenezea ile nyumba. Nilipima na chumba. Sasa kwa kaka yangu, kule Toongabbie, nitakiweka wapi? Tuko ndani ya garage, tumelala kama viazi kwenye gunia. Huko ukigeuka usingizini, unageuza familia yote."

Mama Chibalonza alicheka hadi akashika ubavu. "Na alikuya kuniomba mara tatu, huyu!"

"Mara ine, Mama."

"Mara ine! Hata mbele ya kanisa. Nikamwambia: iyi nyumba ni ya mutoto yangu wa Wagga. Nenda utafute!"

"Nikatafuta," akasema Balagizi. "Kila wakala akihesabu watoto, nyumba inaisha."

Akaketi, akapewa chai ya tangawizi. Ineza akapanda gotini mwake moja kwa moja, kama anavyopanda kwa kila mtu, akaanza kuichezea barakoa yake. Balagizi akapiga chafya kwenye kiwiko, akaomba radhi. "Baridi ya hapa haina adabu."

Goreth alikitazama kile kitanda. Mtu aliyenyimwa nyumba kwa ajili yake amekuja kumpa kitanda alichokitengenezea nyumba hiyo hiyo, nyumba ambayo yeye haitaki. Alitaka kusema. Wallahi alitaka. Akauliza:

"Sukari inatosha?"

*

Balagizi hakuwa ameenda mbali pale simu zote za Granville zilipolia kwa pamoja.

Habari ilikuwa moja. Korona imetoka kwenye vitongoji vya mashariki ilikoanzia wiki hii, na sasa Sydney yote inafungwa. Kila mtu na nyumbani kwake. Kuanzia saa kumi na mbili jioni. Leo.

Rénovat akapiga mara moja. Alikuwa ameondoka alfajiri na gari la rafiki yao Oloo, amesema anakwenda kutafuta godoro; kumbe wakala alimpigia na yeye.

"Mama Ineza, funguo ninazo mkononi. Niko mlangoni. Ukichungulia dirisha la jikoni unaiona bahari, nakuapia! Oloo anakuja kuwachukua, ameshatoka."

"Si tulisema tutamwambia wiki ijayo?"

"Wiki ijayo ndiyo hiyo imefungwa. Mwambie sasa."

"Mwambie wewe, Rénovat. Wewe ni mwanamume."

"Mimi," akasema mumewe polepole, "sikupewa makaa naye."

Simu ikakatika.

*

Alimkuta Mama Chibalonza kwenye nyumba ya jirani. Kuta zinang'aa, rangi bado inanukia. Jikoni, sufuria iko juu ya jiko na unga uko tayari kwenye bakuli.

"Bamama hawatakuya tena, juu ya iyi lockdown," alisema bila kugeuka. "Haizuru. Nitasonga peke yangu. Maji inachemka."

"Mama, zima jiko."

"Nasema inachemka."

"Zima, Mama. Hatulali hapa."

Mwiko ulisimama hewani.

"Wakala aliyepiga hakuwa wa nyumba hii. Tumepata nyumba Dee Why. Rénovat yuko huko sasa hivi."

Mama Chibalonza alizima jiko. Alichukua muda kulizima, kama mtu asiyelijua.

"Iko wapi hiyo?"

"Baharini. Unapanda treni, halafu basi."

"Kuko nani?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Hakuna mutu." Alilirudia kama anayetajiwa ugonjwa. "Mutoto akishikwa na homa, utaita nani? Samaki?"

Goreth aliinamisha kichwa.

"Ni mimi nilikukosea? Niliongea mubaya? Niambie. Sebule ilikuwa ndogo?"

"Hukunikosea. Hata kidogo."

"Basi ni nini?"

"Nilitaka kuchagua."

Mama yule alimgeukia. Uso wake haukuwa na hasira. Laiti ungekuwa nayo. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni.

"Kuchagua," akasema. "Bon. Chagua. Lakini mimi nilimunyima mutu wa watoto sita. Nilimunyima macho makavu, madamu wake analia. Juu yako, Goreth. Sasa mimi sitamupigia. Utamupigia weye. Umwambie iyi nyumba ni yake, na umwambie sababu gani haikukuwa yake zamani."

*

Goreth alitoka hadi uani, pale uzio ulipobomolewa ili nyumba mbili zipitiane. Akapiga. Moyoni alijipa tumaini dogo: angalau jambo moja litanyooka leo. Balagizi ataingia kabla ya saa kumi na mbili. Watoto sita watalala kwenye vyumba.

"Papa Balagizi, sikiliza, nina neno..."

"Mama Ineza! Afadhali umepiga." Alikohoa. "Usikasirike. Majibu yamekuya sasa hivi."

"Majibu gani?"

"Tulipima juzi. Kazini kwa kaka kulikuwa mugonjwa. Walituambia tungoje nyumbani, lakini mimi nilijua ni mafua, na viti vilikuwa vinangojewa... Ni korona, dada. Mimi, madamu, na wakubwa wawili. Garage haina chumba cha kujitenga. Akikohoa mumoja, tumekohoa wote."

Goreth alishika ukuta. Rangi mbichi ikamganda kiganjani.

Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani mwake, na haikuhitaji kalamu. Vyumba hivi vitatu vimekaa tupu tangu majani yaanze kudondoka, vinamngoja yeye. Watu hawa wangekuwa humu. Wasingekuwa kwa kaka. Wasingepumua pumzi ya kaka.

"Lakini musiogope," Balagizi aliendelea, na sauti yake, Mungu wangu, ilikuwa ya upole. "Wale wa afya waliniuliza leo nilikuwa wapi. Sikumutaja mutu. Nimesema sikutoka. Minajua Jumatatu unaanza kazi kwa wazee wako. Nisingeweza kukuharibia, umepata nyumba leo tu. Enda kazi yako kwa amani."

Alidhani amempa zawadi ya pili.

Na wewe uliyepita kambini utamwelewa. Kule jina la mtu halitajwi ofisini. Ukilitaja linarudi na miguu mitatu: kadi ya chakula imesimamishwa, usaili umerudiwa, safari ya ng'ambo imefutwa. Kumficha mwenzako ndiyo heshima. Balagizi alivuka bahari na heshima hiyo, akaileta hadi Sydney, akaifanyia kazi mahali pasipofaa.

"Ulipita wapi na wapi, Papa? Kabla ya kuja hapa?"

"Kuchukua viti tu. Kwa dada wa kwaya. Na kwa Mama Masumbuko. Aliniwekea maandazi, tukakaa kidogo."

Mama Masumbuko. Mzee wa watu, figo zimechoka, kila Jumamosi mchana analala kwenye kiti hospitalini na wenzake, wanasafishwa damu.

Leo ilikuwa Jumamosi. Na viti vilikuwa vya sherehe ya uongo wake.

*

Pi-pii! Pi-piii!

"Madam! Tuishie, twende!" Oloo alikuwa amefika langoni, kichwa nje ya dirisha. "Barabara itajaa makarao, polisi kila kona, saa hii! Leta mtoto, leta mabegi, vingine tutanunua mbele!"

"Usishuke, Oloo!"

"Kwani nimefanya nini tena?"

"Kaa humo ndani! Funga kioo!"

"Haki ya nani," Oloo akanung'unika akipandisha kioo, "hii familia."

Ineza alikuwa ameshavaa viatu. Alishika ndoo yake ndogo ya mchanga, anarukaruka kwenye ngazi. "Tunaenda bahari? Tunaenda sasa?"

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Gari liko mlangoni. Jina lake haliko popote. Bahari iko dirishani.

Goreth alimkumbuka bibi mmoja aliyemwona siku ya usaili mle nyumba ya wazee, mwenye shali ya buluu, aliyemshika mkono na kumuuliza kama atarudi. Alimwambia atarudi. Bibi akauweka mkono wake shavuni, hivi.

Akafungua simu, akatafuta namba ya watu wa afya.

"Unapigia nani?" Mama Chibalonza alikuwa ametoka, anajifuta mikono ambayo ilikwisha kukauka.

"Watu wa afya. Balagizi ana korona, Mama. Alikuja hapa nayo. Amewaambia hakutoka."

Mama yule alijishika kifua, kisha akamshika mkono Goreth. "Basi tubaki. Usiende kazi, tufunge mulango, tunyamaze. Sababu gani umutaje?"

"Alikuwa kwa Mama Masumbuko."

"Nitamupigia Masumbuko mimi mwenyewe."

"Masumbuko yuko wapi saa hizi?"

Mama Chibalonza aliuachia mkono wa Goreth. Alijua.

"Kuna wagonjwa wengine mle ndani, Mama. Wote figo. Hatuna namba zao."

"Watamupiga faini, Goreth. Alidanganya serikali. Mutu ana watoto sita ndani ya garage." Akauonyesha mlango wa nyumba ya jirani. "Ulimukalia nyumba. Sasa na jina lake utaitoa?"

Hakuna kisu kilichotengenezwa Granville kinachokata kama neno hilo. Goreth alisikia likiingia, akalisikia likikaa. Lilikuwa kweli. Namba ikaita.

Akamwambia wa kwanza aliyepokea kwamba anataka Kiswahili. Muziki ukapigwa. Kisha sauti ya mwanamke, safi, ya Kenya:

"Habari yako dada. Naitwa Jerotich, mimi ni mkalimani. Chochote utakachosema nitakitafsiri. Nani alikuja nyumbani?"

Langoni Oloo alinyanyua mikono, kama kusema: vipi? Goreth alimpa kisogo. Alimpa kisogo na Mama Chibalonza pia, kwani mbele ya macho yale asingeweza.

"Balagizi," akasema.

Lilitoka jepesi. Ndilo lililomtisha: lilivyotoka jepesi. Akataja na dada wa kwaya, akamtaja Mama Masumbuko, akaitaja hospitali. Machozi yalimshuka lakini sauti haikutetemeka, na alijichukia kidogo kwa hilo, na papo hapo akajua kwamba kesho asingetaka awe amefanya vingine.

"Asante dada. Umefanya vizuri," alisema Jerotich. "Wanasema wewe na mtoto msitoke mpaka siku kumi na nne ziishe. Hamtahama kwenda kokote. Kwa hiyo nipe anwani. Mtakaa nyumba ipi?"

Nyumba ipi.

Mwaka mzima alikuwa akilisubiri swali hili, mtu amuulize na amngoje ajibu. Kule upande wa pili wa mji Rénovat amesimama na funguo, dirisha limejaa maji ya buluu. Goreth alivuta pumzi.

"Granville," akasema. Akataja barabara, akataja namba ya nyumba ya Mama Chibalonza.

Kisha akageuka, ili walau amwone mama yule amesikia.

Uani hapakuwa na mtu.

Ngazi zilikuwa tupu. Ndoo ya mchanga ilikuwa imelala ubavu kwenye nyasi. Mlango wa nyumba ya jirani ulikuwa umefungwa, na alipousukuma alisikia kitasa kimekazwa kwa ndani.

"Mama? Mama Chibalonza! Ineza!"

Kisha kishindo cha viatu vidogo, na sauti ya mtoto nyuma ya mlango, kwa Kiingereza, taratibu, kama anayerudia alichoambiwa asikisahau:

"Mummy, Bibi anasema hapa ndipo mimi na yeye tunaishi. Anasema sasa wewe unaweza kwenda bahari yako."

Simu ilikuwa bado sikioni.

"Dada, bado uko?" akauliza Jerotich. "Wanataka kujua, ndani ya hiyo nyumba uko na nani?"